Gunia Lililoning'inia Ukumbini

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na apunguze moto, na aliye shambani akae kidogo kwenye mpini wa jembe. Leo tunamkumbuka Bi Somoe Ismaili Namkopi, wa kijiji cha Mahurunga, wilaya ya Mtwara, kule karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Bi Somoe alifariki dunia Jumatatu iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alikuwa mpika chumvi. Alikuwa pia diwani. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: mpika chumvi, na diwani. Kazi zote mbili alizifanya kwa mikono ileile.

Wengi mnamkumbuka kwa jambo moja. Mwaka 1968 alitundika gunia la chumvi mbichi ndani ya ukumbi wa halmashauri. Likaning'inia siku tatu. Madiwani wakawa wanajadili makadirio ya mapato na matumizi, na chumvi inadondosha maji mbele ya macho yao. Habari hiyo imesimuliwa kwa namna nyingi, nyingine za kuchekesha tu. Leo tutaisimulia ilivyokuwa, kwa msaada wa watu waliokuwapo.

Tuanze mwanzo. Baba yake alikuwa mkulima wa korosho na muhogo. Mama yake alipika chumvi, na Somoe akafuata chumvi. Kila kiangazi, mvua zikishakatika na ardhi ikipasuka, wanawake wa Mahurunga hushuka kwenye tambarare nyuma ya mikoko. Hukwangua udongo ulioota weupe, huuchuja kwa maji, kisha huyachemsha yale maji kutwa nzima mpaka chumvi itulie chini ya chombo. Ni kazi ya moshi. Salma, binti yake, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, alituambia hivi: "Mama alipokuwa akinikumbatia, nilikuwa nanusa kuni. Mpaka leo nikipita penye moshi wa mkoko nageuka, nadhani ni yeye."

Kusoma alijifunza akiwa na miaka arobaini na mmoja. Palikuwa na darasa la jioni, na mwalimu wake alikuwa Bi Theresia, aliyetokea Masasi. Bi Somoe alifika darasani na majivu kwenye viwiko. Walianza watu ishirini na wanane. Waliomaliza walikuwa sita, na yeye mmoja wao.

"Alisoma kila kitu," anasema Salma. "Hata karatasi iliyofungia sukari dukani. Sukari inamiminwa kwenye kopo, yeye anaikunjua karatasi. Wanamwambia, Bi Somoe, hilo gazeti la mwaka juzi. Anajibu, basi na mimi nina deni la mwaka juzi."

Sasa sikilizeni kwa nini mwanamke huyu aliutaka udiwani. Mwaka 1965 mdogo wake, Sharifa, alishikwa na uchungu wa kujifungua. Mtoto alikaa vibaya tumboni. Wakambeba kwa machela kuelekea Mtwara mjini. Sharifa hakufika. Alikufa njiani, asubuhi kweupe, machela ikiwa imetuliwa chini wabebaji wabadilishane mabega. Bi Somoe ndiye aliyekuwa amemshika kichwa. Uchaguzi ulipofika, alisimama mbele ya watu akasema maneno machache kuliko wagombea wote: "Nitaleta mkunga Mahurunga. Nisipomleta, msinichague tena." Akakaa chini.

Wakamchagua. Katika ukumbi ule alikuwa mwanamke pekee.

Mwaka 1968 halmashauri ilikubali kufikiria ombi lake. Lakini mshahara wa mkunga utoke wapi? Mweka hazina wa halmashauri alikuwa kijana aitwaye Emmanueli, mtu wa mahesabu na mwenye mwandiko mzuri. Akatoa wazo. Chumvi ya Mahurunga na vijiji jirani itozwe ushuru, shilingi moja kwa kila gunia la ratili mia, yaani kilo arobaini na tano hivi, na fedha hiyo imlipe mkunga. Bi Somoe akakubali papo hapo. Akarudi kijijini akawaambia wanawake. Walinung'unika, kisha wakakubali, maana kila mmoja alimfahamu Sharifa.

Bwana Emmanueli akaja Mahurunga kupima chumvi ili apate makadirio yake. Alikuja na mizani, daftari na viatu vilivyong'aa. Na hapa ndipo kosa lilipozaliwa, wasikilizaji wapendwa. Wanawake wa Mahurunga wana heshima zao. Mgeni akija jikoni hapewi kilicholala. Wakaona aibu kumwonyesha mgeni wa serikali magunia ya wiki mbili, yaliyoingia vumbi na kuwa ya kijivu. Wakampimia chumvi iliyotoka motoni asubuhi ileile, nyeupe pepepe. Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyewahimiza. "Hiyo ya pembeni acheni," aliwaambia. "Mpeni Bwana Hazina hii nzuri."

Chumvi iliyotoka motoni imejaa maji. Kila mpika chumvi anajua. Ikikaa siku tatu inadondosha, na gunia linapungua. Wanawake walijua. Lakini siku ile hakuna aliyewaza mizani. Waliwaza mgeni.

Makadirio yakachapwa, na wiki mbili kabla ya kikao kila diwani akapelekewa kitabu chake. Baadhi ya madiwani walikitumia kupepea. Bi Somoe alikisoma. Alikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mchana, mlangoni kwake, Salma akiwa anamenya muhogo pembeni. Akafika kwenye mstari wa ushuru wa chumvi. Akasimamisha kidole.

"Nilimwona ametulia sana," anasema Salma. "Nikamuuliza, mama, kuna nini? Akasema, hapa wameandika chumvi ambayo hatujawahi kuipika. Kisha akasema polepole, ni maji. Wameandika maji. Na mimi ndiye niliyewapa."

Aliona mambo mawili kwa pamoja. Akinyamaza, mkunga atapita kwenye karatasi, lakini wanawake watatozwa ushuru wa maji yanayopotea mchangani, na msimu ukiisha hesabu haitatimia, mkunga atakosa mshahara. Akisema, fungu la chumvi litapungua, na mkunga anaweza kufutwa siku hiyohiyo. Ahadi yake kwa kaburi la mdogo wake ilikuwa imesimama juu ya gunia lenye maji.

Alichagua kusema. Lakini alijua wale mabwana hawatamwamini kwa maneno. Kwa hiyo asubuhi ya kikao alipanda lori na gunia la ratili mia, lililotoka motoni alfajiri, maji yakimchuruzika miguuni njia nzima.

Bwana Emmanueli, ambaye sasa ameacha kazi ya serikali na anaishi mjini Mtwara, alitueleza siku ile kwa kicheko. "Tulikuwa tunasubiri kufungua kikao. Mara mlango ukafunguka, wakaingia wapagazi wawili na gunia, na nyuma yao Bi Somoe ameshika kamba ya katani na ndoo. Nikadhani ametuletea zawadi."

Diwani mmoja wa mjini, Bwana Mussa, mkazi wa Shangani, alikuwa mtu wa maneno. Alimwangalia akifunga kamba kwenye boriti, akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hapa ni ukumbi au bucha?"

Ukumbi ukacheka. Bi Somoe hakugeuka. Alikaza fundo kwanza. Kisha akasema: "Ndugu Mwenyekiti, Bwana Mussa akitaka mnofu na asubiri zamu yake. Mimi nimeleta mstari wa ishirini na tatu wa makadirio. Naomba upimwe sasa, halafu upimwe tena siku ya tatu. Ufunguo wa ukumbi akae nao Bwana Hazina mwenyewe, nisije nikasingiziwa."

"Bi Somoe," Bwana Emmanueli akasema, "mimi nilipima kwa mizani ya serikali."

"Mizani yako haina kosa, mwanangu. Kosa ni langu mimi na chumvi. Wewe pima tu."

Akapima. Ratili mia kamili. Ikaandikwa. Ndoo ikawekwa chini ya gunia.

Siku ya kwanza walijadili barabara na madaraja. Tone, tone, tone. Siku ya pili walijadili shule. Tone, tone. Bwana Mussa aliomba mwongozo wa Mwenyekiti kama wajumbe wanaruhusiwa kuja na miavuli. Mchana wa siku hiyo kikapita kimvua cha ghafla. Hewa ikiwa na unyevu chumvi hukawia kukauka. Bi Somoe alikaa kwenye kiti chake, macho kwenye karatasi, masikio kwenye ndoo. Salma anasema mama yake alimwambia baadaye kwamba hakusikia hata neno moja kuhusu shule. Alikuwa anahesabu matone.

Siku ya tatu, asubuhi, Mwenyekiti akaufikia mstari wa ishirini na tatu. Gunia likateremshwa. Ndoo ilikuwa na maji karibu nusu.

Bwana Mussa akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, maji hata mimi nayachota nyumbani. Nani anajua kama hayakutiwa?"

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu siku zote," akasema Bwana Emmanueli.

Bi Somoe akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka mbele ya Bwana Mussa. "Onja, kaka yangu. Kama ni ya kisima cha Shangani utayajua."

Wajumbe wakaanza kugonga meza. Onja! Onja! Bwana Mussa akachovya kidole kimoja, akakitia mdomoni. Wasikilizaji wapendwa, yale maji yanayotoka kwenye chumvi mbichi ni machungu kupita shubiri. Bwana Mussa alitema. Akatema tena. Akatema mpaka akachafua kanzu yake. Hata Mwenyekiti alificha uso kwa kitabu cha makadirio.

Kisha mizani. Bwana Emmanueli akasoma kwa sauti: "Ratili themanini na nne."

Ratili mia zimekuwa themanini na nne. Narudia: mia zimekuwa themanini na nne. Katika kila gunia mia walizokadiria, kumi na sita zilikuwa maji.

Kicheko kikaisha. Mwenyekiti alikuwa mtu mwadilifu, akasema wazi: "Diwani wa Mahurunga ametuonyesha ukweli, na kikao kinamshukuru. Ushuru utatozwa kwa chumvi kavu. Lakini fungu limepungua, na mshahara wa mkunga ulitoka kwenye fungu hilo. Sioni namna. Mkunga itabidi asubiri mwaka mwingine."

Hapo ndipo watu wengi wanapomalizia hadithi hii, kama vile ushindi ulikuwa gunia. Gunia halikuwa ushindi. Bi Somoe aliposikia neno "asubiri" alisimama. Hakuwa ametumwa na mtu kusema aliyosema. Wala wanawake wenzake hakuwauliza. Alisema palepale, kwa roho yake:

"Ndugu Mwenyekiti, tumekataa kulipia maji. Mkunga hatujamkataa. Andika chumvi kavu ilipiwe shilingi moja na senti kumi."

Bwana Emmanueli anasema kalamu ilimwanguka. "Katika miaka yangu yote ya kazi niliona watu wakiomba kodi ipunguzwe. Yule ndiye mtu pekee niliyemwona akisimama kuomba iongezwe. Nikapiga hesabu harakaharaka. Bado palikuwa na pengo dogo. Nikamwambia, Bi Somoe, haitoshi."

"Najua haitoshi," akajibu. "Nimesoma kitabu chote. Ukurasa wa tisa, mapazia mapya ya ukumbi huu. Mimi nimekaa humu siku tatu, jua halijaniunguza. Wenzangu mmeungua?"

Mapazia yale yalikuwa pendekezo la Bwana Mussa. Wote wakamgeukia. Yeye alikuwa bado anafuta ulimi kwa leso. Akatazama madirisha, akatazama ndoo, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, mimi sina nguvu ya kubishana na mwanamke huyu. Na atakayebisha, aanze kwa kuonja." Akanyoosha mkono kuunga mkono. Kura zikapigwa: kumi na nne wakakubali, tisa wakakataa. Mkunga akapita.

Bi Somoe akarudi Mahurunga na gunia lake. Alidhani atapokewa kwa vigelegele. Habari ilikuwa imemtangulia, lakini ilitangulia nusu. Ilisema tu: ushuru umepanda.

Aliyemsubiri barabarani alikuwa wifi yake, Bi Mwanahawa, mpika chumvi mwenzake, mikono kiunoni.

"Ehe, mheshimiwa! Tulikutuma ukapunguze, umerudi na nyongeza. Huko ukumbini walikulisha nini?"

"Wifi yangu, subiri nikueleze. Gunia mia za mbichi tungelipia shilingi mia. Zikikauka zinakuwa themanini na nne, na kwa bei mpya hazifiki shilingi tisini na tatu. Tumepunguziwa."

"Ushuru umepanda kutoka shilingi moja mpaka shilingi na senti kumi, na unaniambia tumepunguziwa? Hayo ndiyo mliyokuwa mnafundishwa na Bi Theresia?" Akageuza mgongo. Wanawake wengine wakageuka naye.

Ukweli ulikuwa upande wa Bi Somoe, lakini ukweli ule ulihitaji mtu akae chini ahesabu, na mwenye hasira hakai chini. Kwa miezi mingi Bi Mwanahawa hakumsalimia. Walichemsha chumvi kwenye tambarare moja, moshi wao ukichanganyika, na salamu hakuna. Bi Somoe hakubembeleza. Siku za kutoza ushuru alisimama karibu na mizani na kusoma uzito wa kila gunia kwa sauti, la mkubwa na la mdogo, ili hata asiyejua kusoma asikie alichokilipia.

Mwezi wa tatu mwaka 1969, katikati ya mvua, mkunga akafika. Aliitwa Bi Veronika. Alikuja na sanduku moja la bati, na buti zilizojaa tope. Wiki ya tano baada ya kufika aliitwa kwenye nyumba ya Bi Mwanahawa. Binti yake wa kwanza alikuwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Kama Sharifa. Vilevile kama Sharifa.

Bi Veronika aliingia saa tatu asubuhi. Bi Somoe alikaa nje kwenye matope, maana alikuwa hajaalikwa ndani. Saa nane mchana mtoto akalia. Mama mzima, mtoto mzima.

Bi Mwanahawa yuko hai, na alikubali kuzungumza nasi. Sikilizeni maneno yake mwenyewe: "Nilikuwa nimemnunia, sikujua nianzie wapi. Basi msimu ulipofika nikajaza gunia chumvi yangu nzuri, nikampelekea mlangoni. Naye akalibonyeza kwa kidole, akaliangalia, akalitundika kwenye ndoano! Chumvi ya zawadi! Nikamwambia, we mwanamke, hata zawadi unaikausha? Akasema, wifi, nataka nijue umenipenda ratili ngapi. Tukacheka mpaka tukakaa chini."

Mambo ya kodi yalibadilika nchini baada ya hapo. Ushuru wa mazao na kodi ya kichwa vya halmashauri zile vikafutwa, na baadaye halmashauri zenyewe. Ushuru wa chumvi ya Mahurunga haukudumu hata misimu miwili. Lakini mkunga alikuwa amekwishaingia kwenye orodha ya watumishi, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Bi Veronika alikaa miaka kumi na moja. Aliwapokea watoto mia nne na zaidi.

Mwaka huu wa 1984 halmashauri zetu zimerejea, na maneno ya kodi yamerejea nazo. Kwenye kila baraza watu wanabishana nani alipe na kiasi gani. Wengine wanataka kukataa kila kitu. Wengine wanataka kutoza kila kinachosogea. Wasikilizaji wapendwa, kabla hujapiga kelele upande wowote, fikiri alivyofikiri mama huyu. Je, wewe umesoma kitabu cha makadirio cha kwenu, au umekitumia kupepea? Unachotozwa ni chumvi au ni maji? Na kama ni chumvi kweli, na mkunga ni mkunga kweli, uko tayari kusimama na kusema, niandikie senti kumi zaidi?

Kwa Mwalimu Salma na ndugu zake wote, kwa Bi Mwanahawa, kwa wapika chumvi wa Mahurunga, na kwa watoto waliopokelewa na Bi Veronika, ambao wakubwa wao sasa ni vijana, tunawapa pole. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, nanyi awape subira.

Limebaki moja, ambalo Mwalimu Salma ametuomba tuliseme. Jumatatu Bi Somoe alipofariki, palikuwa na gunia juu ya ndoano nyumbani kwake, alilolitundika kwa mikono yake asubuhi hiyo. Watu waliingia na kutoka, mazishi yakafanyika, na hakuna aliyeligusa. Alhamisi, dua ilipokwisha, Bi Mwanahawa akasimama akasema, "Siku tatu zimetimia. Literemsheni." Wakaleta mizani. Siku ya kwanza, kwa mwandiko wake, alikuwa ameandika kilo hamsini. Salma akasoma uzito kwa sauti, mbele ya wote, kama mama yake alivyozoea.

Kilo arobaini na mbili, wasikilizaji wapendwa. Chumvi tupu.